Pedi ngumu za kipa wa hoki ya barafu: nzuri, ila si kwa kila timu

Katika hoki ya vyuo Marekani upana wa pedi za miguu hauzidi inchi 11, kwa hiyo tofauti kubwa iko kwenye sponji. Hizi zenye uso mgumu huitema paki (kisahani cha mpira kinachopigwa badala ya tufe) mbali na kwa kasi, ikampita mshambuliaji aliyejibanza mbele ya goli. Laini huiangusha miguuni. Kipa asipoifunika upesi kwa glavu, inasukumwa wavuni.

Mkanda wa goti usikazwe mno. Ukikazwa, pedi haizunguki vizuri kipa anapopiga magoti, uso wake hautazami mbele sawasawa, na paki inaweza kurukia katikati, pabaya kuliko pote. Kwa shuti la chini, bapa la gongo ligeuzwe kidogo kuelekea kona. Paki itafuata huko.

Shida ni mabeki. Paki inayorudi mbali humhitaji winga wa upande wa pili awe ameshuka, na beki anyanyue gongo la mpinzani, siyo kumsukuma mgongoni tu (hiyo ni faulo). Timu ambayo mabeki wake ni wazito kugeuka, mnunulieni kipa pedi laini.