Uzoefu wangu: kulala na mgonjwa kwenye kiti kinachogeuka kitanda

Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ule wa kufunguliwa, si wa matundu madogo. Chumba alicholazwa kilikuwa na huduma ya mtu mmoja kulala na mgonjwa, nikaichukua bila kuuliza mengi. Kwenye maelezo waliandika "kitanda cha anayeuguza". Si kitanda.

Ni kiti. Usiku unavuta mpini ubavuni, mgongo wake unalala nyuma na sehemu ya miguu inanyanyuka. Pale mgongo unapokutana na kikalio panabaki upenyo, na upenyo huo umepimwa sawasawa na kiuno cha mtu mzima. Kimevikwa plastiki ili kifutike kwa dawa, jambo ambalo hospitalini silipingi, lakini kila ukigeuka kinalia kriii! Usiku wa kwanza niligeuka nikasikia kutoka kitandani, "Baba, wewe ndiye uliyepasuliwa au mimi?" Kesho yake nikakunja blanketi nikaliziba nalo lile shimo, nikatandika shuka mbili juu yake. Kiuno kikapata nafuu. Kelele ilipungua, haikwisha.

Kuhusu usingizi, usijidanganye. Kila baada ya saa nne nesi anaingia kupima presha, joto na mapigo ya moyo, na pampu ya dripu nayo ina kelele zake. Ilipolia mara ya kwanza nilitoka mbio korido nzima nikidhani mtu ananifia. Kumbe alikuwa amekunja kiwiko, mrija ukabanwa, mashine ikagoma. Nesi akaunyoosha mkono taratibu, akabonyeza, ikanyamaza. Akaniambia, "Mkono wa mama unaweza kuunyoosha, mashine usiiguse, niite." Baada ya hapo bado sikulala, ila nilikesha kwa utulivu.

Jambo ambalo ningependa kulijua mapema ni kile kitufe cha dawa ya maumivu. Mgonjwa anapewa kitufe cha kubonyeza mwenyewe, pampu inampa dozi ndogo. Usiku ule alikuwa anaguna usingizini, uso umekunjamana, kitufe kimelala kwenye shuka karibu na kidole changu. Nikakishika. Nesi alikuwa mlangoni. "Baba, hicho ni cha mama peke yake." Nilikasirika kidogo, nikiri. Akanieleza huku akiandika kwenye faili: dawa ile ikizidi inapunguza kupumua. Aliyelewa dawa anasinzia, akisinzia habonyezi, na huko kutobonyeza ndiyo kinga yake. Mume mwenye huruma akimbonyezea, kinga imeondoka. Nikarudisha mkono wangu mapajani.

Ya mchana ni rahisi, ila yana kazi. Kuna kile kifaa chenye vimipira vitatu cha kufanyia mazoezi ya mapafu: unavuta pumzi ndani, vimipira vinapanda juu. Sisi siku nzima ya kwanza tulikuwa tunapuliza, tukashangaa mbona havisogei. Walituambia mara kumi kila saa akiwa macho, na mimi nikawa mhesabuji, cheo ambacho hakikunipatia mapenzi. Akitaka kukohoa namwekea mto juu ya mshono aukumbatie kwa nguvu, ndiyo maumivu yanakuwa ya kuvumilika. Halafu kutembea. Walimsimamisha siku iliyofuata tu baada ya upasuaji, nami nikaona ni ukatili, mpaka waliponieleza habari ya damu kuganda miguuni kwa kulala muda mrefu. Mimi nasukuma stendi ya dripu, yeye kanishika mkono, mfuko wa mkojo unaning'inia. Kitandani hadi mlangoni, dakika kama saba. Kurudi, zaidi.

Na lile swali! Kila nesi, kila daktari: "Mama, umeshatoa upepo?" Baada ya kushikwashikwa kwenye upasuaji utumbo unalala, na upepo ni dalili kwamba umeanza kuamka. Mke wangu ni mtu wa heshima zake, siku ya kwanza alinitoa nje kabla ya kujibu. Usiku wa tatu, saa nane, ndipo ulipotoka. Nilisikia vizuri kabisa, nikashukuru Mungu kwa sauti. Akacheka, kidonda kikamuuma, akanirushia ule mto.

Viziba masikio nilibeba, sikuvitumia. Ukiziba masikio umekwenda kufanya nini? Utakachojuta kukikosa ni waya mrefu wa chaji, maana soketi zote ziko upande wa mgonjwa, na soksi nzito.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote ni za manesi. Kiti kichukueni kwa siku mbili tatu za mwanzo, wakati mgonjwa hawezi hata kufikia kengele. Usiku wa nne alinifukuza nikalale nyumbani. Nilikwenda kwa unyonge, nikalala kama gogo, asubuhi nikarudi nikitarajia kulaumiwa. Nesi wa zamu akaniambia ameamka mara moja tu, usiku mzuri kuliko yote tangu alazwe. Nikamtazama mwenyewe, akakiangalia kile kiti. Usiku wa tano aliniruhusu kurudi kwa sharti moja: nisigeuke.