Kizimba cha Wavu cha Kulelea Vifaranga: Imara Juu, Dhaifu Chini

Kwa muda wa miezi saba nimekuwa nikikitumia kizimba hiki, na kuku wangu wamekwisha kulea humo vifaranga wa awamu tatu. Kina fremu ya mbao yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, wavu wa waya pande zote na juu, mlango wa bawaba, na kichumba cha pembeni kinachotengwa na sehemu kubwa kwa kizuizi cha wavu kinachochomolewa. Nilikinunua baada ya kupoteza vifaranga tisa kati ya kumi na wawili katika majuma mawili, wengine wakichukuliwa na mwewe mchana kweupe, wengine wakitoweka usiku bila hata unyoya kubaki.

Sifa yake kubwa ni wavu wenyewe. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita, ambao wengi wetu tumeuzoea, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii adui asiingie, kwa kuwa panya na nyoka hupenya, na mnyama mwenye meno huurarua. Kizimba hiki kimetengenezwa kwa waya mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya milimita 13, ambayo hata mguu wa paka hauwezi kupita ili kumvuta kifaranga aliyelala karibu na ukuta. Tangu nikitumie, mwewe na kunguru hawajanichukulia kifaranga hata mmoja, ingawa nimemwona mwewe akitua juu yake na kuondoka mikono mitupu.

Udhaifu uko chini. Kizimba hakina sakafu, na maelezo ya mtengenezaji hayasemi lolote kuhusu wanyama wanaochimba. Katika awamu ya pili mnyama alifukua chini ya fremu usiku, kwa alama za kucha nadhani alikuwa kicheche, akaua vifaranga wawili na kumwacha wa tatu na jeraha mgongoni. Tangu hapo nimelaza ukanda wa wavu wenye upana wa sentimita 30 juu ya ardhi kuzunguka kizimba chote kwa nje, nikaubana kwa vigingi. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi, na akikuta waya chini ya kucha zake, kwa kawaida haelewi kwamba angepaswa kurudi nyuma na kuanzia mbali zaidi. Komeo la mlango nalo ni la kuzungusha tu, hulegea upesi, nami nimeongeza ndoana.

Ni yule kifaranga aliyejeruhiwa aliyenionyesha thamani ya kichumba cha pembeni. Majeruhi lazima atengwe mara moja, kwa sababu wenzake huvutiwa na damu na humdonoa mpaka afe. Nilimsafisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha nikampaka iodini iliyozimuliwa hadi ikawa na rangi ya chai nyepesi. Sikutumia dawa ya binadamu yenye ganzi, kwani ndege huweza kudhurika nayo kwa kiasi kidogo sana. Nilimpa joto kabla ya chakula: kifaranga wa juma la kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguziwa kama nyuzi 3 kila juma, na mwenye mshtuko huweza kufa kwa baridi hata kama jeraha lake si kubwa. Maji nilimchovya ncha ya mdomo tu. Kummiminia kooni ni kumtia maji mapafuni. Kichumba nilikifunika kwa chandarua ili nzi wasitage kwenye kidonda. Kama angekuwa ameng'atwa na paka ningemwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa tundu la jino huonekana dogo huku vijidudu vikiwa vimezama ndani.

Nililolithamini zaidi ni kwamba kizuizi ni cha wavu, si cha ubao. Kifaranga aliendelea kumwona mama yake na kumsikia akiita, na usiku kuku alilala akiwa amejibana upande wa pili wa waya. Nilipokichomoa siku ya tisa, kidonda kikiwa kimekauka, mama alimpokea bila kumdonoa, jambo ambalo halikutokea miaka ya nyuma nilipokuwa nikiwauguzia majeruhi ndani ya boksi nyumbani.

Ningekinunua tena, lakini si peke yake. Mzunguko wake ni mita 6, na wavu hauna budi kupishana kwenye pembe, kwa hiyo mnunuzi achukue siku hiyo hiyo mita 8 za wavu wa kulaza chini, na aufunge kabla ya kumwingiza kifaranga wa kwanza.