system() au popen(): kutuma baruapepe kutoka programu ya C

Kwa system(), kitendakazi cha C kinachoendesha amri ya mfumo, unaunda amri nzima kwa snprintf (huandika maandishi kwenye kigezo), mfano mail -s "Ripoti" anwani < ujumbe.txt, kisha unaikabidhi kwa /bin/sh, yaani sheli, programu inayosoma na kutekeleza amri. Kwa ripoti ya usiku inayokwenda kwa anwani moja isiyobadilika, inatosha kabisa. Balaa huanza pale anwani au mada inapotoka kwa mtumiaji: akiandika nukta mkato na kuifuatisha na rm -rf ~ (futa folda yote ya nyumbani), sheli itatii bila kuuliza. Alama za nukuu hazimzuii, maana naye anaweza kuzifunga.

popen("/usr/sbin/sendmail -t -i", "w"), inayoanzisha sendmail (programu ya kutuma barua) na kukupa bomba la kuiandikia, nayo hupitia sheli (wengi husahau hilo), ila amri yenyewe haibadiliki kamwe. Anwani, mada na ujumbe unaviandika kwa fprintf, vikapita kwenye bomba kama maandishi tu. -t husoma mpokeaji kwenye mstari wa To:, na -i huzuia nukta iliyo peke yake kwenye mstari isikatishe ujumbe. Hii ndiyo ninayoichagua. Hata hivyo, ondoa alama za mstari mpya kwenye mada na anwani, la sivyo mtu atajipenyezea mstari wake wa Bcc: (wapokeaji wa nakala ya siri).

system() au pclose() ikirudisha 0, kwa kawaida barua imeingia kwenye foleni tu; kufika ni habari nyingine, kaitafute kwenye /var/log.