Tahadhari: fundi wa kuziba maji kwa silikoni, Nakuru

Ninawatahadharisha wenye magari ya zamani hapa Nakuru kuhusu fundi mmoja asiye na karakana, ambaye huwafuata wateja majumbani na kujinadi kuwa bingwa wa kuzuia mvua isiingie garini. Mwezi wa Aprili, masika yalipochacha, zulia la upande wa dereva katika Corolla yangu ya 1996 lililowa kila mvua iliponyesha. Fundi huyo hakuomba hata ndoo ya maji ya kujaribia. Aliutazama mlango, akatamka kwamba mpira umekwisha, akanitoza shilingi 8,500 kwa mpira alioapa kuwa ni mpya pamoja na kazi ya kupaka silikoni.

Wiki haikuisha, maji yakarudi, tena mengi kuliko ya mwanzo. Fundi wa pili alipobandua ubao wa ndani wa mlango, tulikuta mwenzake ameyaziba matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango. Matundu hayo si kasoro: maji ya mvua hupenya kando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea hapo, hivyo yakizibwa mlango hujaa kama mtungi na kumwagikia ndani. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya ubao, ambayo ilikuwa imechanika na ndiyo iliyokuwa chanzo, hakuigusa. Nao mpira mpya ulikuwa ule ule wangu, umepakwa dawa ya kung'arisha tairi!

Fundi asiyekubali kumwagia gari maji huku mtu mwenye tochi akichungulia ndani, msimlipe. Maji yaanzie chini yakipanda polepole, kwa kuwa yakianzia paani hutiririka kote na hamtajua yalikoingilia. Mpira mnaweza kuupima wenyewe: fungeni mlango juu ya kipande cha karatasi, mkivute, kikichomoka bila kushikwa, hapo pamelegea. Tazameni pia chini ya waipa, maana majani na maua ya mijakaranda huziba njia za maji. Majimaji yenye rangi na harufu tamu si ya mvua, bali ya rejeta, yanayovuja kwenye hita.

Nambari aliyonipa haipatikani tena. Nailoni na gundi zilinigharimu shilingi 600. Sponji ya chini ya zulia bado naianika, na bati la sakafu chini yake limeshaanza kushika kutu.