Vinega ya kufulia na usafi wa nyumba, Arusha na Moshi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake dukani. Kama unataka vinega ya kufulia na kusafishia nyumba, nunua ile nyeupe isiyo na rangi, ya bei ya chini utakayoikuta, lebo yake iwe imeandikwa asidi asilimia 5, na mfuko ukiruhusu chukua galoni la lita 5. Nyingine zote zina kazi zake na nitazipanga hapa chini, ila kwenye beseni la nguo hakuna inayoipita hiyo. Nasema hivi kwa sababu nasikia watu wanaambiana wanunue vinega ya tufaha, ile ya bei mbaya, eti ndo ya asili zaidi, mtu anatoa hela ya mboga ya siku mbili halafu anaenda kuimwaga chooni, inaniuma kwa kweli.

Sasa kabla ya kupanga, uelewe unanunua nini. Kinachosafisha ndani ya vinega ni asidi ya asetiki basi, na vinega nyingi za kula zinayo asilimia 4 mpaka 5, kilichobaki karibu chote ni maji. Harufu ya tunda na rangi ya kahawia na picha nzuri kwenye chupa haviongezi chochote kwenye usafi. Kwa hiyo ukifika kwa Mangi au supamaketi geuza chupa, tafuta ile asilimia, angalia nembo ya TBS na tarehe, halafu piga hesabu ya lita. Tuseme chupa ya nusu lita inauzwa 2,000 na galoni la lita 5 linauzwa 12,000, hapo chupa inakugharimu 4,000 kwa lita na galoni 2,400, tofauti unaiona mwenyewe. Na kama moja ni asilimia 4 na nyingine 5 kwa bei ileile, chukua ya 5, kwenye ya 4 unalipia maji.

Namba 1: vinega nyeupe, galoni la lita 5

Hii ndo ya kuwa nayo nyumbani. Tafuta kwenye maduka ya jumla, Arusha zungukia pale karibu na Soko Kuu au Kilombero, Moshi anzia Mbuyuni na maduka ya jumla ya mjini, mara nyingi wanaouza vitu vya mahoteli na mama ntilie ndo wanakuwa na magaloni. Supamaketi utaipata pia ila mara nyingi ni zile chupa ndogo. Haiharibiki upesi, ukiifunga vizuri inakaa muda mrefu tu, kwa hiyo usiogope ukubwa wa galoni.

Kwa nini naipa ya kwanza kwenye nguo? Kwa sababu asidi yake inaruka hewani nguo ikikauka, haibaki kwenye kitambaa, ile harufu kali unayoisikia kwenye beseni ukianua nguo huisikii tena. Na haina rangi ya kuachia shati jeupe la shule.

Namna ya kutumia, na hapa ndo wengi wanakosea: vinega haiwekwi pamoja na sabuni. Ukiichanganya na sabuni ya kipande, ile ya mche, asidi inaivunja sabuni inarudi kuwa mafuta, utaona vipande vyeupe vinaelea kwenye maji na nguo zinatoka zinanata. Fua kwanza kama kawaida, suuza, halafu kwenye maji ya mwisho kabisa weka nusu kikombe cha chai kwa beseni la lita 10, au kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 20, koroga, zamisha nguo dakika kama kumi, kamua, anika. Inachofanya pale ni kuondoa mabaki ya sabuni yaliyojishika kwenye nyuzi, na mabaki hayo ndo yanafanya taulo likauke gumu kama ubao na nguo nyeusi ionekane imechakaa na wala haijachakaa.

Kipindi inachokusaidia zaidi ni Juni na Julai Arusha, ule ukungu na baridi, nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili hazikauki na zikikauka zina ile harufu ya ubichi. Harufu ile ni vijidudu vinavyoota kwenye unyevu, vinega inavipunguza. Masika hivohivo, Moshi na Arusha kote. Shati linalonuka jasho kwapani hata baada ya kufuliwa, pima vinega kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, loweka nusu saa, ndo ufue na sabuni baada ya kusuuza. Mitumba ya soko la Memorial, Moshi, yenye harufu ya kufungiwa kwenye belo, fanya hivohivo.

Ila usiibebeshe kazi isiyo yake. Vumbi letu jekundu na matope vinataka sabuni na brashi, hapo vinega haikusaidii. Doa la chai au kahawa likiwa bado bichi linasaidika, utomvu wa mgomba ulioshakauka kwenye nguo usitegemee kabisa. Na lile la kuloweka kitenge au khanga mpya kwenye vinega na chumvi ili rangi isichuje, ndugu zangu, kwenye pamba halifanyi kazi. Asidi inasaidia rangi fulani kushika kwenye sufu na hariri wakati wa kutia rangi kiwandani, pamba inatiwa rangi za aina nyingine. Kitenge kinachochuja kifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, hiyo hela ya vinega ibaki.

Kwenye nyumba: vioo na malouva pima nusu kwa nusu na maji, futa na gazeti, vinang'aa. Friji lililonuka, hivohivo nusu kwa nusu, ufute na kitambaa cha maji safi baadae. Sufuria ya aluminiamu iliyopiga weusi kwa ndani kwa kuchemsha maji, weka maji na vinega kidogo, chemsha dakika chache, mwaga, osha, usilaze humo usiku kucha kwa sababu asidi inaila aluminiamu. Masizi ya nje ya kuni na mkaa hayo ni ya stilwaya.

Namba 2: vinega nyeupe, chupa ndogo

Ni kitu kilekile, ukubwa tu. Inakufaa kama unaanza na hujui kama utaipenda, au unakaa chumba kimoja na huna pa kuweka galoni. Chupa ikiisha usiitupe, toboa kifuniko vitundu vidogo unapata ya kunyunyizia vioo.

Namba 3: sitriki asidi ya unga

Hii watu wengi hawaijui na kwa birika na choo mimi naiweka mbele ya vinega. Ni unga mweupe unaofanana na sukari, ni ileile asidi ya kwenye limao, wanauza maduka ya vifaa vya keki na wale wanaouza malighafi za sabuni ya maji. Kilo moja ukiichanganya na maji unapata lita 20 za nguvu ya asilimia 5, hebu linganisha na bei ya magaloni manne ya vinega. Haina harufu, hata mwenye pumu anayesumbuliwa na vinega anaiweza, ila asivute vumbi lake wakati wa kupima.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya nguo. Yenyewe hairuki hewani, usiposuuza vizuri inabaki kwenye kitambaa, kwa hiyo inataka maji mengine ya kusuuza na wote tunajua maji yanavyokatika. Pia ukishaikoroga usiiweke wiki nzima, inaota ukungu, koroga ya kutumia siku hiyo.

Birika la umeme lililojaa ule utando mweupe mgumu: lita moja ya maji ya moto, vijiko viwili vya chakula, acha nusu saa, utaona vijipovu vinapanda na magamba yanaachia. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja umwage. Na vinega ndo ukitaka, nusu kwa nusu na maji, chemsha, acha ipoe, tatizo ni harufu jikoni.

Hapa niseme jambo moja kwa watu wa Arusha na Meru kwa ujumla. Birika likitakata usidhani na maji yamepona. Floridi iliyomo kwenye maji ya sehemu nyingi za huku, hiyo inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia, haiondoki kwa vinega wala kwa limao wala kwa kuchemsha, ukichemsha sana ndo inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kinachoipunguza ni chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi, au utumie maji ya chanzo kingine. Mtoto ana meno yanayoota, usimtibie maji kwa vinega.

Namba 4: limao na ndimu

Zikiwa msimu na zimejaa sokoni, tumia. Kazi yake kubwa ni doa la kutu, lile la kamba ya waya au kifungo cha chuma kwenye shati jeupe: kamulia limao, mwagia chumvi, anika juani, likikauka ongeza tena, halafu suuza. Hapo limao linaipita vinega. Kwa nguo za rangi usifanye, jua na limao vinapausha. Kwa kusafisha nyumba nzima haifai, ina sukari na nyama ya tunda, sakafu inanata na sisimizi wanakuja.

Namba 5: vinega ya kahawia na ya tufaha

Kachumbari. Chips. Saladi. Ina rangi inayoweza kubaki kwenye nguo nyeupe, na ya tufaha bei yake haiendani na kazi. Kama ipo imekaa kabatini na umeichoka, itumie kusafishia sinki, lakini kwenda dukani kuinunua kwa ajili ya usafi, hapana.

Namba 6: ya kutengeneza mwenyewe kwa ndizi au maganda ya nanasi

Huku Kilimanjaro ndizi zipo na watu wanajua kuchachua vitu, na vinega ya ndizi nzuri ipo. Shida yake ni kwamba huwezi kujua nguvu yake bila kuipima, mara kali mara nyepesi, na inabaki na sukari na rangi. Ifurahie kwenye chakula. Kama unatengeneza kwa kupenda sikukatazi ila nguo za watu usizijaribie.

Ya kuacha kabisa: ya kwenye chupa ya maji isiyo na lebo

Saa nyingine unakutana na mtu anauza vinega amepima kwenye chupa za maji ya kunywa, bei poa, anakwambia kali hii unaongeza maji mwenyewe. Inawezekana ni asidi ya asetiki ya viwandani, hiyo inaunguza ngozi, macho na koo. Ukifungua kifuniko ikakupiga puani ukiwa bado umeishika mbali, funga mrudishie. Na hata hiyo vinega yako nzuri usiihamishie kwenye chupa ya maji, mtoto akiwa na kiu hatauliza. Ikitokea asidi kali imeingia jichoni suuza na maji mengi ya bomba dakika 15 mpaka 20 huku jicho limefunguliwa, halafu hospitali. Kama imemezwa usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa muibebe.

Sasa mchanganyiko. Vinega na jiki HAPANA, kwa herufi kubwa. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inabana kifua na inaweza kuua mtu kwenye choo kidogo kisicho na dirisha. Na usimwage moja halafu nyingine ukidhani ya kwanza imeshaondoka, itumie moja leo nyingine siku nyingine. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kuhara, hapo tumia jiki peke yake kwa kipimo cha kwenye lebo, vinega haitoshi kuua vijidudu vya ugonjwa. Vinega na baking soda sio hatari ila unajipotezea, yale mapovu yanafurahisha macho lakini asidi na magadi vimeuana, umebakiwa na maji yenye chumvichumvi. Magadi yetu ya Ziwa Natron hivohivo: kwenye mafuta yaliyoganda jikoni yanafaa, yatumie peke yake, suuza, ndo uje na vinega.

Wenye mashine ya kufulia, mara moja moja inatosha, sio kila mzigo, asidi inachosha mipira ya mlangoni. Nguo zenye lastiki nyingi nazo usiziloweke muda mrefu. Kioo cha simu na TV usiguse.

Mwisho sakafu. Tailizi zenyewe hazina shida ila ile saruji ya katikati inaliwa taratibu ukimwaga kila siku. Terazo, marumaru ya mawe na sakafu ya saruji usipeleke vinega kabisa, inatoboa vishimo vidogo na mng'ao haurudi mpaka fundi aje kusugua na mashine. Ukiwa umepanga na hujui sakafu ni ya nini, dondosha tone moja nyuma ya mlango, chuchumaa uangalie kwa karibu. Ukiona vijipovu vinachemka, futa hapohapo na maji mengi na sakafu hiyo uioshe kwa sabuni tu. Usipoona kitu, subiri dakika tano ufute, pakiwa pamepauka jibu ni hilohilo.