Tathmini ya huduma za saratani ya matiti: kutoka zahanati ya mkoani hadi mionzi ya Ocean Road

Mgonjwa wa saratani ya matiti hahudumiwi na hospitali moja. Hupita zahanati, hospitali ya rufaa, maabara, chumba cha upasuaji, wodi ya dripu (dawa za saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, yaani kemotherapi) na mashine ya mionzi, na mara nyingi kila kituo hujiona kimemaliza kazi yake pale kinapomwandikia karatasi ya kwenda kwingine. Kwa hiyo tathmini yangu, mimi niliyepita njia hiyo kama mgonjwa, inaangalia zaidi muda unaopotea kati ya kituo kimoja na kingine. Katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia.

Kwa kipimo hicho, upande wa uchunguzi ulishindwa. Katika zahanati niliyoanzia, uvimbe usiouma uliokuwa karibu na kwapa ulihesabiwa kuwa jipu linaloanza, nikapewa antibayotiki, na dozi ilipoisha nikapewa nyingine. Hospitali ya mkoani, ambayo sitaitaja, ilinifanyia altrasaundi siku hiyo hiyo niliyofika, na kwa hilo inastahili pongezi. Kilichofuata ndicho kilichokula muda. Nilichomwa kwanza sindano nyembamba, majibu yakarudi kwamba seli zilizopatikana hazitoshi kutoa jibu, ndipo nikachomwa ile nene inayokata vipande vya nyama. Vipande hivyo viliwekwa kwenye kichupa cha plastiki chenye dawa ya kuhifadhi, jina langu likaandikwa kwa kalamu ya wino juu ya plasta, kisha kichupa akakabidhiwa mdogo wangu akipeleke mwenyewe kwenye maabara ya binafsi iliyo mkoa mwingine. Alisafiri nacho kwenye basi, kikiwa ndani ya mfuko wa rambo, na alipofika wino ulikuwa umeanza kuchuja. Sioni sababu ya familia kubebeshwa jukumu hilo, kwa kuwa kichupa kikipotea au jina likifutika, hakuna wa kumuuliza.

Majibu yalipotoka yalithibitisha saratani, lakini hayakusema ni ya aina gani. Kwa anayeanza safari hii, ni vizuri ajue kwamba neno «saratani» pekee halimtoshi daktari kupanga tiba. Kuna kipimo cha pili, kinachofanywa kwenye kinyama kile kile, kinachoonyesha kama uvimbe unategemea homoni za estrojeni na projesteroni na kama una protini ya HER2 kwa wingi. Matokeo yake ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atafaidika na vidonge vya kuzuia homoni, au anahitaji dawa inayolenga HER2, ambayo bei yake ni kubwa mno. Kipimo hicho hakikuagizwa tangu mwanzo, hivyo tulilipia upya na kusubiri upya, na siku 60 zikapita nikiwa bado sijaanza tiba yoyote. Habari yenyewe ya ugonjwa niliambiwa koridoni, nikiwa nimesimama, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri dirisha la malipo. Hapo nisingetoa hata nusu nyota.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni habari nyingine. Ipo ufukweni, katika eneo la hospitali ya kale iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na imekuwa taasisi kamili ya saratani tangu mwaka 1996. Mimi nilifikia kwa shemeji Kimara, kwa hiyo nilipanda mwendokasi hadi Kivukoni na kumalizia kwa bajaji. Daktari aliyenipokea alichora titi kwenye karatasi, akaonyesha uvimbe ulipo na tezi za kwapani, akaeleza kwa nini nianze na dripu kabla ya kukatwa: uvimbe ulikuwa mkubwa, na ukisinyaa kwanza upasuaji unakuwa rahisi. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Wauguzi wa wodi ya dripu ndio ningewapa alama za juu kuliko wote. Dawa ya kwanza ni nyekundu kama juisi ya rosela, na kabla haijaunganishwa muuguzi aliniambia, «Mama, mkojo utatoka mwekundu leo na pengine kesho, si damu, usishtuke.» Sentensi hiyo moja iliniokoa na usiku wa hofu. Aliniambia pia nywele zitaanza kung'oka baada ya wiki mbili au tatu, na kwamba nikipata homa nisikae nyumbani kunywa panadol, bali nije hospitali mara moja, kwa sababu chembe nyeupe za damu zinakuwa zimeshuka. Kabla ya kila mzunguko damu hupimwa, na chembe zikiwa chache dripu huahirishwa. Wanaotoka mikoani wapange nauli na malazi wakijua hivyo.

Upasuaji ulifanyika hospitali nyingine, titi zima na tezi za kwapani, na kwa kazi ya kisu sina la kulalamika. Kidonda kilikauka vizuri. Ila niliruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kunionyesha mazoezi ya mkono. Nilikuja kuyajua kwa mtaalamu wa viungo niliyeelekezwa na mgonjwa mwenzangu: unasimama ukitazama ukuta, unapandisha vidole polepole hadi bega linapokaza, unaweka alama ya penseli, kesho yake unajitahidi kuipita. Hili si pambo, kwa sababu kwenye mionzi mgonjwa hulala chali akiwa ameinua mkono juu ya kichwa bila kutikisika, na asiyeweza kuuinua hawezi kupangwa sawasawa kwenye mashine.

Mionzi yenyewe haiumi. Kazi kubwa ni ya siku ya maandalizi, unapopigwa picha na kuchorwa alama kifuani ambazo hutakiwi kuzisugua unapooga. Baada ya hapo ni dakika chache kila siku ya kazi, kwa wiki kadhaa. Ngozi yangu iligeuka nyeusi tii na kuwasha, hasa chini ya kwapa, nikashauriwa nivae magauni mapana ya pamba na niache sidiria.

Kwa kuwa uvimbe wangu ulikuwa wa homoni, sasa ninameza tamoksifeni, miligramu 20 kila siku, kwa miaka isiyopungua mitano. Vidonge hivi si vya gharama ya kutisha, ila vina joto lake: usiku unaamka umelowa jasho na kanga imeganda mgongoni. Kliniki ya marudio wananiuliza kuhusu joto hilo na kuhusu kutokwa damu ukeni, dalili ambayo mtumiaji wa dawa hii hapaswi kuinyamazia. Atakayeandikiwa rufaa kutoka mkoani abebe majibu yote ya maabara, na aombe pia kile kipande cha kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta, ili kipimo cha pili kikihitajika kisisubiri kuchomwa sindano upya.