Tahadhari: matapeli wa vyumba vya hosteli wanawavizia wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mliopata chuo mjini, na wazazi mnaohangaika kuwatafutia watoto pa kulala, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote.

Majina ya waliochaguliwa yakishatoka tu, wanaibuka watu wanaojiita mawakala wa hosteli. Chumba hawana, ufunguo hawana, na wengine hicho chuo hawajawahi kukikanyaga. Wanachojua ni kwamba mwanafunzi mpya hana mwenyeji, hajui ofisi ipi inagawa vyumba, na usiku halali kwa kuwaza atafikia wapi.

Safari hii wamemliza binti wa dada yangu. Nitaeleza walivyofanya, maana mtindo wenyewe ndio huo huo wanaoutumia kwa kila mtu.

Aliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya. Picha ya kundi ilikuwa nembo ya chuo, maelezo yake yamepangwa vizuri, hakuna cha kutia shaka. Humo ndani kulikuwa na mmoja anayejiita kaka wa mwaka wa tatu. Mpole, anajibu maswali yote: usajili unaanzaje, vyeti gani vya kubeba, bima inashughulikiwa wapi. Hakugusa habari ya hela hata kidogo mpaka watoto walipomzoea. Ndipo akasema vyumba vya chuo vimebaki vichache sana, lakini ana mtu wake ofisi ya malazi, atakayewahi kulipa hela ya kushikia nafasi atapewa. Mara watu wakaanza kuandika, "Asante kaka, mimi changu nimeshapata." Baadaye tulipoyapitia mazungumzo yote tukaona namba zilizoshukuru hazikuwa zimewahi kuandika kitu kingine chochote. Hazikuuliza swali, hazikusalimia. Zilikuja kushukuru tu.

Binti akalipa. Akatumiwa barua ya kugawiwa chumba pamoja na picha za chumba chenyewe.

Hiyo barua nimeikagua mwenyewe. Jina lake sahihi, kozi sahihi, muhuri upo. Ila muhuri umekaa wima mno, wino umekolea sawa pande zote kama kitu kilichobandikwa kwa kompyuta, na sahihi imekwepa muhuri kabisa. Pale pa namba ya usajili pameandikwa "inashughulikiwa". Chumba kimewekwa ghorofa ya nne, na jengo lililotajwa tulipolifikia tukakuta lina ghorofa mbili. Zile picha nazo ukizikuza unaona soketi za umeme ukutani si za aina inayotumika nchini kwetu. Nikaitafuta moja kwa Google, ikatokea kwenye tangazo la nyumba ya wageni ya nchi nyingine kabisa.

Hela ya kwanza ilipopita akadai ya pili, amana ya ufunguo. Ikafuata ya godoro. Dada yangu aliposema sasa anataka risiti yenye jina la chuo, wakamblock na binti akatolewa kwenye kundi.

Uongo huu unashika kwa sababu una ukweli ndani yake. Vyuo vingi vya mjini kweli havina vitanda vya kutosha. Ardhi ya mjini ni finyu na ya bei mbaya, wanafunzi wanaongezeka kuliko majengo, na anayekosa nafasi ndani anaingia kupigania vyumba vya nje pamoja na wafanyakazi wenye mishahara. Hofu ya kukosa chumba ina msingi. Tapeli anaichukua hofu hiyo anakuuzia dawa isiyokuwepo.

Utaratibu halali kwa kawaida hauna mtu wa kati. Chuo kinatangaza muda wa kuomba, unaomba kupitia akaunti yako ya mwanafunzi au ofisi ya malazi, ukipangiwa unapewa namba ya kumbukumbu ya kulipia, na hela inaingia kwenye akaunti yenye jina la chuo. Hosteli binafsi zenye makubaliano na chuo mara nyingi huwa kwenye orodha inayotolewa na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Kwa hiyo ukiona jina la mpokeaji wa hela ni la mtu binafsi, acha hapo hapo. Usikubali hadithi kwamba ni mhasibu, ni mke wa mhasibu, au kwamba mfumo wa malipo umegoma leo. Piga simu chuoni kwa namba uliyoitoa wewe mwenyewe kwenye tovuti rasmi, usipige ile aliyokupa yeye. Na hiyo tovuti isome anwani yake herufi kwa herufi, kwa sababu wanazitengeneza za kufanana, wanaongeza kistari au kubadili mwisho wake.

Kama ni chumba cha nje ya chuo, nenda ukakione. Huwezi kwenda, mtume ndugu au rafiki wa kuaminika. Hilo nalo likishindikana, omba simu ya video ya wakati huo huo, kisha umwambie afungue dirisha, afungue bomba, atoke nje akuonyeshe geti na barabara. Mwenye chumba atafanya. Tapeli atakuambia mtandao unasumbua, au atakutumia video aliyoirekodi mtu mwingine.

Kuna jambo jingine linalowaumiza wengi na halizungumzwi sana. Chuo cha mjini mara nyingi hakiko sehemu moja. Kampasi zimetawanyika, sheria wako huku, udaktari wako upande wa pili wa jiji. Dalali anakuandikia "dakika tano kutoka chuoni" na wala hadanganyi, ila ni kampasi ambayo wewe hutasoma. Kabla ya kulipa, uliza idara yako mihadhara ya mwaka wa kwanza inafanyikia wapi, halafu pima umbali kwenye ramani kutoka jengo hilo. Uliza pia vipindi vya jioni vinaisha saa ngapi, na saa hiyo usafiri ukoje.

Wapo na wanafunzi halisi wanaouza vitanda walivyopangiwa. Hapa chumba kipo, ufunguo upo, hata kitanda unakilalia. Lakini jina kwenye orodha ni la mwingine, na kwa kawaida kanuni za hosteli haziruhusu kumpa mtu nafasi yako. Siku ya ukaguzi anayetoka na begi ni wewe, na huna karatasi yoyote ya kudai hela yako. Mimi hili naliweka kapu moja na utapeli, hata kama muuzaji ni mtoto wa watu mwenye kitambulisho cha chuo.

Mtu yeyote akikuomba nywila ya akaunti yako ya chuo "akuombee nafasi", usimpe. Akiingia humo anaona vyeti vyako, anaweza kubadili namba yako ya simu, na ujumbe wa chuo ukaanza kwenda kwake. Picha ya kitambulisho chako nayo usiitume ovyo, itakuja kutumika kumtapeli mwingine kwa jina lako.

Kama umeshatuma hela, usianze kugombana naye kwenye simu. Piga kwanza benki au kampuni ya simu uliyotumia, uombe muamala uzuiwe. Nafasi ya kuokoa chochote ni kabla hajazitoa, na wao huzitoa haraka. Usifute mazungumzo hata kama yanakuuma. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na kumbukumbu ya muamala, peleka polisi upewe namba ya taarifa, na nakala ipeleke ofisi ya mlezi wa wanafunzi ili wawatahadharishe wengine. Nywila kama uliitoa, ibadilishe muda huo huo.

Halafu ukishaandika mitandaoni kwamba umeibiwa, jiandae kutafutwa na mtu atakayesema anaweza kukurudishia hela zako kwa ada ndogo tu. Dada yangu alitafutwa siku ile ile. Hao ni wale wale au wenzao, usimlipe hata senti.